Ilhamu katika vito vya udongo wa fedha ni nini?

Mtengeneza vito vya udongo wa fedha akisema amepata ilhamu, mara nyingi anazungumzia kitu cha kushikika: ameona mahali penye mabonde na vilima ambavyo udongo wake unaweza kuvinakili. Udongo huo ulibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni unga laini sana wa fedha uliokandwa na maji na gundi inayoungua. Ukichomwa, gundi inapotea, chembe zinashikana, na kinachobaki ni fedha tupu. Kabla ya hapo ni laini kama donge la chapati, na hubeba kila alama, hata ile ya kidole usiyoitaka.

Kwa hiyo kitu kikikuvutia mtaani, kipitishie ukucha kwanza. Ukucha ukikwama, kitatoa chapa. Ukiteleza, hiyo ni picha tu.

Khanga ndiyo inayowadanganya wengi. Korosho ya kwenye pindo inapendeza machoni, lakini kitambaa ni bapa: ukikibonyeza kwenye udongo utapata nyuzi za pamba, korosho hutaiona. Itabidi uichore upya juu ya kifutio cha penseli na kuichonga kwa wembe. Kina cha nusu milimita kinatosha. Ulichokichimba kwenye kifutio kitasimama kwenye kito, na ulichokiacha kitabonyea, kwa hiyo fikiria kinyume kabla ya kukata.

Jani la mpera ni mwalimu mzuri zaidi, na kwa Dar halihitaji safari. Ligeuze: mishipa ya upande wa chini imesimama wazi. Chagua lililokomaa lakini bado linapinda, lifute vumbi, lipake mafuta ya nazi kidogo sana. Sukuma udongo kati ya mirundo miwili ya karata tano tano, upate unene wa milimita 1.5 hivi. Laza jani, mishipa ikitazama chini, kisha pitisha mti wa kusukumia mara moja tu. Ukirudia, jani husogea na kila mshipa hutoka miwili miwili. Libandue kuanzia kwenye kikonyo.

Hapo mishipa imekuwa mifereji. Ukiitaka isimame kama kwenye jani lenyewe, chukua kwanza kalibu ya silikoni, yaani chapa ya jani kwa silikoni ya sehemu mbili zinazochanganywa. Pima sawa kwa sawa, kanda mpaka rangi iwe moja bila michirizi, bonyeza juu ya jani na usubiri igande, kisha bonyeza udongo ndani yake. Joto letu huiharakisha, kwa hiyo kanda kiasi cha gololi mbili, usikande ngumi nzima. Kalibu hiyo hiyo inafaa kwa gome la mwembe, magamba ya samaki kutoka soko la Feri (yaoshwe na kukaushwa vizuri), hata tairi la bodaboda, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kwenye mbao au ukuta usiopakwa rangi jaribu pembeni kwanza, maana silikoni inaweza kuacha doa la mafuta.

Mkeka una shida zake mbili. Ukindu mkavu hunyonya maji, udongo unaganda palepale na kung'ang'ania, tumia kalibu. Shida ya pili ni ukubwa. Chane zenye upana wa milimita 5 zitaingia nne tu kwenye hereni ya milimita 20, na hakuna atakayetambua kuwa ni mkeka. Tafuta ukili mwembamba, au sogea kwenye mshono. Kata tundu la ukubwa wa hereni kwenye kipande cha kadi, ulitembeze juu ya mkeka, matofali ya matundu, au mlango wa kuchongwa. Kinachoonekana ndani ya tundu ndicho utakachopata, pungufu kidogo: udongo wa fedha husinyaa, aina nyingi za sasa kwa asilimia 8 hadi 15. Kwa usinyaaji wa asilimia 10, milimita 20 zinabaki 18. Soma pakiti, hasa kama unatengeneza pete.

Chapa nzuri mara nyingi huharibika wakati wa kukauka. Kipande kikiwekwa mbele ya feni, kingo hukauka kabla ya katikati na kupinda au kupasuka. Na unyevu wa Dar unaweza kukufanya udhani kimekauka. Kipashe moto kidogo, kiweke juu ya kioo kwa nusu dakika, kisha kiinue: kioo kikiwa na ukungu, maji bado yamo, na yakikutana na moto mvuke utakitoboa. Lainisha kingo kwa msasa sasa, kabla ya kuchoma, lakini usiuguse uso wenye chapa. Na wakati wote huo kitu chako kisikae kwenye sufuria au sahani ya alumini: alumini huathiri udongo wa fedha na kuuharibu rangi. Bakuli la plastiki linatosha.