Sumu ya uyoga: nafuu ya siku ya pili si kupona

Swali: Yale matamvua yaliyo chini ya kofia ya uyoga ni kitu gani?

Jibu: Ndipo uyoga unapotengenezea spora, vijichembe vya uzazi vinavyofanya kazi kama mbegu. Kila tamvua limefunikwa na tishu nyembamba iitwayo haimenia. Seli zake zina umbo la rungu, na kila moja kwa kawaida hubeba spora nne. Uyoga mwingine una vitundu au vijimeno badala ya matamvua, lakini kazi ni ileile.

Swali: Hilo linamhusu nini mhudumu wa afya?

Jibu: Mgonjwa akija na mabaki ya uyoga aliokula, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Amanita phalloides, uyoga unaosababisha vifo vingi kuliko aina nyingine duniani, una matamvua meupe na spora nyeupe. Una pete shingoni, na shina lake limekaa ndani ya mfuko ambao mara nyingi umefukiwa udongoni. Anayeukata kwa kisu juu ya ardhi huuacha mfuko huo hukohuko.

Sisemi haya ili ukachume kwa kuangalia rangi. Uyoga mwingi unaolika nao una matamvua meupe. Kama hakuna anayeujua kwa hakika, hauliwi.

Swali: Nikikwangua matamvua, nikamenya kofia na kuuchemsha sana, sumu itatoka?

Jibu: Haitatoka. Sumu hiyo, amatoksini, imo katika uyoga mzima. Haivunjwi na moto, wala kukausha, wala kugandisha kwenye friji. Kijiko cha fedha kisichobadilika rangi hakithibitishi chochote, na konokono kuutafuna hakukuhusu wewe, kwa kuwa ini lako si la konokono. Naomba tuyaache majaribio haya.

Swali: Dalili huanza baada ya muda gani?

Jibu: Kwa sumu hii, kati ya saa 6 na 24. Wengi huanza ndani ya saa 12: tumbo kukata, kutapika, kuharisha majimaji. Kwa kuwa mtu alikula mchana na ameanza kuumwa usiku wa manane, hulaumu kitu alichokula mwisho, na uyoga hautajwi kabisa. Mwambie mhudumu hata kama hajauliza.

Kuna uyoga mwingine unaotapisha mapema zaidi, ndani ya saa chache tu. Watu husema huo ndio wa nafuu. Lakini chungu kimoja kinaweza kuwa na aina mbili, hivyo kutapika mapema hakuondoi hatari.

Swali: Ametapika usiku kucha, leo kumetulia. Si tumwache apumzike nyumbani?

Jibu: Hapana. Mpelekeni hospitali sasa hivi.

Hili ndilo linalotupotezea wagonjwa. Baada ya siku moja hivi ya kutapika na kuharisha, tumbo hutulia. Mgonjwa anaomba chakula, ndugu wanashukuru, safari ya hospitali inaahirishwa. Wakati huohuo amatoksini iko ndani ya ini, inazizuia seli zisitengeneze protini, na seli zinakufa. Kuanzia siku ya tatu hivi macho yanageuka manjano, damu haigandi vizuri, figo zinalegea, na mgonjwa anaanza kuweweseka. Ndipo analetwa, amebebwa.

Swali: Lakini anakula na anaongea vizuri kabisa.

Jibu: Hata akiimba. Nafuu ya siku ya pili si kupona. Kipimo cha damu kinaonyesha ini likiumia huku mwenyewe akisema hajambo, na huwezi kukifanya kwa kumtazama usoni.

Swali: Tumpe kwanza maziwa, mafuta au maji ya chumvi?

Jibu: Msimpe. Msimlazimishe kutapika pia. Hakuna kati ya hivyo kinachoondoa sumu hii, na kila kimoja kinakula muda.

Swali: Hospitali watamfanyia nini?

Jibu: Dripu kurudisha maji, mkaa maalumu wa dawa kunasa sumu iliyobaki tumboni, na dawa za kulinda ini kama silibinini au asetilisisteini panapokuwapo. Ini likishindwa kabisa, linalobaki ni kupandikizwa jingine. Haya yote husaidia zaidi mgonjwa akiwahi.

Swali: Tulikula watu watano, anaumwa mmoja tu. Wengine tubaki?

Jibu: Njooni wote watano. Asiyeumwa saa hii huenda saa zake hazijafika. Mtoto atangulie, maana mwili wake ni mdogo na uyoga mmoja unaweza kuwa na sumu ya kumuua hata mtu mzima.

Swali: Tuje na nini?

Jibu: Uyoga mbichi uliobaki, mzima na shina lake lote, kwenye mfuko wa karatasi, wa plastiki unauozesha. Kama umekwisha, leteni maganda, mabaki ya sufuriani, hata matapishi. Kipande kidogo cha tamvua kikiwekwa chini ya hadubini huonyesha spora, na mtaalamu anaweza kutambua aina kwa hizo. Andikeni saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Ila msirudi porini kutafuta sampuli huku mgonjwa akisubiri. Mleteni yeye kwanza.