Je, Wajua Kwa Nini Mguu Mmoja Huweza Kuwa Mrefu Kuliko Mwenzake?

Miguu ya watu wengi haitoshani. Tofauti ya milimita chache, hata ikifika sentimita 1, ni ya kawaida, na mwenye nayo huweza kuzeeka bila kuijua. Lini basi imlete mtu kwa daktari? Jibu linategemea sana umri wake.

Mifupa ya miguu ya mtoto hurefuka karibu na ncha zake, kwenye tabaka la gegedu, yaani mfupa laini ambao bado haujawa mgumu. Kazi kubwa hufanyika gotini: ncha ya chini ya mfupa wa paja huongeza karibu sentimita 1 kwa mwaka, na ncha ya juu ya muundi milimita 6 hivi. Gegedu hilo likijeruhiwa, kwa mfupa kuvunjika au kushambuliwa na bakteria, mguu huo hubaki nyuma huku mwenzake ukisonga mbele. Kinyume chake pia hutokea. Mtoto mdogo aliyevunjika katikati ya paja huweza kupona na mguu uliovunjika ndio ukawa mrefu, kwa kuwa damu nyingi inayokuja kuunga mfupa huchochea na ukuaji wake. Wengine huzaliwa na mfupa mfupi au nyonga isiyokaa mahali pake, na wengine mguu wao hudumazwa na polio.

Halafu kuna ufupi wa uongo: mifupa inatoshana, lakini nyonga imekakamaa au uti wa mgongo umepinda, kiuno kikalala upande. Mtu kama huyu akikimbilia kuongeza soli kabla ya kupimwa, anaweza kujizidishia tatizo. Daktari humsimamisha mgonjwa, akaweka vibao chini ya mguu mfupi hadi kiuno kikae sawa, kisha picha ya eksirei huthibitisha.

Kwa mtoto, angalia kama anachechemea, anakanyagia vidole vya mguu mmoja, au akisimama hukunja goti lile lile kila mara. Mtoto mchanga mlaze chali, umkunje magoti nyayo zikigusa kitanda. Goti moja likiwa chini kuliko jingine, nyonga ichunguzwe mapema. Na mguu mmoja ukiwa mrefu na pia mnene kuliko mwenzake, hasa kama mkono wa upande huo uko vivyo hivyo, tafadhali usingoje. Hali hiyo huongeza uwezekano wa saratani ya figo utotoni, ndiyo maana watoto hao hupimwa tumbo kwa ultrasaundi mara kwa mara.

Tofauti isiyofika sentimita 2 mara nyingi haihitaji kitu zaidi ya soli ya kuongezea, na wengine hata hiyo hawaihitaji. Kati ya sentimita 2 na 5, mtoto anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo wa kusimamisha ukuaji wa mguu mrefu gotini, ili ule mfupi uufikie. Nafasi hii nzuri ina mwisho: wasichana wengi mifupa yao huacha kurefuka wakiwa na miaka 14 hivi, wavulana 16. Inauma kuona familia ikifika hospitali baada ya hapo, kwa kuwa waliambiwa mtoto "atanyooka akikua". Tofauti ikizidi sentimita 5, mguu mfupi wenyewe hurefushwa kwa mbinu aliyoianzisha daktari wa upasuaji Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, kisha huvutwa taratibu milimita 1 kwa siku ili mfupa mpya uzibe pengo. Baada ya kuvuta, hufuata miezi ya kusubiri ukomae.

Mtu mzima aliyeizoea tofauti yake tangu utotoni, asiye na maumivu, aiache. Iliyoanza ukubwani, au inayoambatana na maumivu ya mgongo, nyonga au goti, ichunguzwe. Lakini mtoto aliyeanza kuchechemea ghafla akiwa na homa, au anayekataa kabisa kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda kiungo au mfupa una usaha.