Kutafakari na kuacha ulevi: maswali na majibu

Kutafakari ni nini?
Ni kukaa kimya, kuelekeza akili kwenye pumzi, na kuirudisha kila inapotoroka. Basi.

Kunamsaidiaje anayeacha ulevi?
Hamu ya kulewa hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitii. Ondoka kijiweni kwanza. Keti, vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Tafuta hamu imekaa wapi: kooni, kifuani, mikononi? Itazame tu. Wengi hukosea kwa kushindana nayo, nayo inazidi. Jizoeze dakika 5 asubuhi na 5 jioni ukiwa umetulia. Ukisubiri hamu ikushike ndipo ujifunze, umechelewa.

Daktari, baba anakunywa gongo kila siku. Tumfungie ndani atulie hadi arosto, yale mateso ya mwili ulionyimwa kilevi, iishe?
Hapana. Mleteni hospitali kabla hajaacha. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, ukinyimwa ghafla, hulipuka. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja ndani ya siku 2 za kwanza. Siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kupata homa na moyo kwenda mbio. Hapo watu hufa. Hospitalini atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Anatetemeka tu. Tusubiri kesho?
Msisubiri! Kutetemeka ndiyo dalili ya mwanzo. Tunaletewa watu siku ya 3, ulimi umeng'atwa, alama za kamba mikononi, na ndugu wanasema "tulidhani atapoa". Akishikwa na degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mleteni.

Na kama ni majini?
Mtu aliyekata pombe juzi na leo anaongea na ukuta ni wa hospitali. Maombi yatamkuta wodini.

Na anayetumia unga?
Arosto ya heroini ni mateso makali, ila mara chache huua. Kinachoua ni kukaa wiki kadhaa bila unga kisha kurudia kipimo kilekile cha zamani, wakati mwili haukimudu tena. Methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, ipo; hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanaitoa tangu 2011, na hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Usiikatishe eti kwa sababu umejua kutafakari. Kunywa dozi yako, kisha kaa utafakari.