Mafuta tunayokula na kinga ya mwili

Mafuta yakitajwa, wengi hufikiria unene na moyo. Ni nadra kusikia kwamba aina ya mafuta unayokula huingia hadi ndani ya seli za kinga na kuathiri namna zinavyopambana na maradhi.

Kila seli nyeupe ya damu imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa asidi za mafuta, yaani viungo vinavyounda mafuta, na sehemu yake hutoka kwenye chakula. Mtu akila mara kwa mara samaki wenye mafuta mengi, kama sardini na salmoni, baada ya wiki kadhaa omega-3, kundi la asidi za mafuta lililomo kwa wingi kwenye samaki hao, huongezeka kwenye utando huo na kuchukua nafasi ya sehemu ya asidi ya arakidoniki, ambayo ni ya kundi jingine liitwalo omega-6.

Vijidudu vinapoingia mwilini, seli hung'oa asidi hizo kwenye utando wake na kuzigeuza kuwa kemikali za kupashana habari. Arakidoniki huzaa prostaglandini na lukotrini, ambazo huleta mchochota: sehemu inavimba, inakuwa nyekundu, inapata joto na kuuma. Aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Omega-3 huzaa kemikali za ukoo huohuo zilizo dhaifu zaidi, pamoja na resolvini, ambazo kazi yake ni kuumaliza mchochota na kuhimiza seli zisafishe mabaki.

Tafadhali usiichukie omega-6 kwa sababu hiyo. Bila mchochota mwili ungeshindwa kuzuia vijidudu, na kidonda kisingepona vizuri. Asidi ya linoleiki, iliyomo kwenye mafuta ya alizeti na mahindi, ni ya lazima kwa sababu mwili hauwezi kuitengeneza, na ni kiasi kidogo tu kinachogeuzwa kuwa arakidoniki. Hali kadhalika, omega-3 ya mbegu za kitani hugeuka kwa uchache kuwa ile ya samaki.

Yanayostahili kuepukwa kabisa ni mafuta ya transi, yanayotokana hasa na kugandisha mafuta ya mimea viwandani kwa kuyaongezea hidrojeni. Shirika la Afya Duniani linashauri yasifikie hata asilimia 1 ya nishati ya siku. Mafuta yaliyoshiba, kama ya siagi na ya nyama, yasizidi asilimia 10.

Lakini kuacha mafuta yote nako kuna madhara. Vitamini A na D, ambazo seli za kinga huzitegemea, hazifyonzwi vizuri na utumbo pasipo mafuta kwenye mlo.