Je, wajua kwa nini masikio mengine huchomoza, na daktari huyalazaje?

Januari shule zikikaribia kufunguliwa, vinyozi wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma hawapumziki. Watoto wa shule za msingi, wa kike kwa wa kiume, wananyolewa, na nywele zikishaanguka masikio hayana pa kujificha. Mwenye yaliyochomoza hamalizi wiki bila kubandikwa jina la Dishi. Nyumbani nako maelezo hayakosekani: bibi atasema mtoto alilalia sikio vibaya alipokuwa mchanga, mama atamsingizia mwalimu mwenye mazoea ya kuvuta watoto masikio. Mwalimu ana makosa yake, lakini hili si lake.

Hebu shika sikio lako. Ndani ya ule ukingo wa nje uliojikunja kuna tuta la pili linaloshuka sambamba nao, na huko juu linagawanyika matawi mawili. Tuta hilo ndilo linalolaza sikio kuelekea kichwani. Kwa wengi wenye masikio yaliyochomoza, halikujikunja vya kutosha tangu tumboni mwa mama. Wengine tuta wanalo, ila kile kibakuli kinachozunguka tundu la sikio kimezidi kina, kikalisukuma sikio zima nje. Wapo wenye yote mawili. Mara nyingi ni jambo la ukoo, kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwalimu, mtazame babu. Kusikia hakuathiriki.

Basi upasuaji wa kuyalaza masikio haulengi kukata sikio lipungue, ingawa wengi hudhani hivyo. Kazi ni kulikunja pale ambapo halikujikunja, na hapo ndipo gegedu, ile tishu ngumu inayopindika inayolipa sikio umbo, linapoleta ubishi: ukilikunja kisha ukaliachia, linarudi lilivyokuwa, kama soli ya ndala. Edward Ely wa New York, aliyefanya upasuaji wa namna hii mwaka 1881, aliondoa ngozi na kipande cha gegedu. Waliofuata walitafuta njia ya kulishawishi gegedu lenyewe.

Mwaka 1963 Jack Mustardé wa Scotland alieleza njia ya nyuzi. Ngozi inafunguliwa nyuma ya sikio, ambako kovu halitaonekana, kisha nyuzi zisizoyeyuka zinapitishwa ndani ya gegedu bila kutoboa ngozi ya mbele. Daktari anazikaza kidogo kidogo huku akiangalia upande wa mbele, mpaka tuta linajitokeza. Miaka mitano baadaye, David Furnas wa Marekani alieleza namna ya kulishughulikia bakuli lenye kina: linavutwa nyuma na kushonewa kwenye utando mgumu unaofunika mfupa ulio nyuma ya sikio. Siku hizi njia hizo mbili hutumika pamoja mara nyingi.

Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1958 Gibson na Davis walionyesha kwamba gegedu lina mvutano uliofungwa katika nyuso zake zote mbili, nao unalingana. Ukiukwaruza uso mmoja, mvutano wa upande huo unalegea na gegedu linajipinda lenyewe kuelekea upande usioguswa. Stenström wa Sweden alilitumia wazo hilo kwenye masikio: kwaruza uso wa mbele, nalo litajikunja kwenda nyuma. Ubaya wake ni kwamba mkono ukizidi, tuta hutokea na kona kali badala ya kuviringika.

Watoto hufanyiwa kuanzia miaka 5 au 6, kwa kuwa sikio limekaribia ukubwa wa utu uzima. Wao hupewa nusu kaputi. Mtu mzima anaweza kutumia sindano ya ganzi tu. Baadaye kichwa hufungwa bendeji, kisha huvaliwa utepe wa kichwa usiku kwa wiki kadhaa. Maumivu yakizidi upande mmoja chini ya bendeji, usisubiri tarehe ya kliniki: huenda damu imejikusanya, na ikiachwa inaliharibu gegedu.

Kwa kichanga, huenda kisu kisihitajike kabisa. Wiki chache za kwanza gegedu lake ni laini kwa sababu ya homoni za mama zilizobaki mwilini mwake, na kifaa maalumu kinachokunja sikio kinaweza kulipa umbo. Kumfunga kitambaa kichwani hakusaidii, maana kinalibana sikio zima bila kuunda tuta.

Rufaa kubwa za Kigoma na Tabora kwa kawaida huelekea hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko au kwingineko, kabla ya kukubali kisu mwambie daktari kama ukoo wenu una keloidi, zile kovu zinazovimba na kuzidi mipaka ya kidonda. Ngozi nyeusi huzipata zaidi, na sikio ni mojawapo ya sehemu zinapopenda kuota. Aliyewahi kuvimbiwa tundu la hereni anapaswa kulitaja hilo kabla ya jambo lingine lolote.