Unaandikiwa MRI: sumaku ile inaufanya nini mwili wako?

Wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaoandikiwa MRI, yaani kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, iwe hapa visiwani au kwa kuvuka bahari kwenda Muhimbili, huwa na maswali yanayofanana. Naogopa zaidi mgonjwa anayenyamaza kuliko anayeuliza sana, kwa hiyo haya hapa majibu.

Ina mionzi kama eksirei?

Haina. Eksirei na CT (eksirei za pande nyingi zinazounganishwa na kompyuta) hutumia mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio tu.

Sasa picha inatokea wapi?

Inatokea hasa kwenye maji yaliyomo mwilini mwako. Kila chembe ya maji ina atomu mbili za haidrojeni, na katikati ya kila moja kuna protoni. Protoni ina chaji ya umeme na mzunguko wake wa asili, na kwa hiyo ni sumaku ndogo mno. Nguvu ya sumaku hiyo pamoja na upande inakoelekea ndiyo momenti ya sumaku.

Itazame dira ya jahazi. Uga sumaku wa dunia, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea kote, hauivuti sindano ikakimbilia kaskazini, unaigeuza tu papo hapo ilipo. Ndani ya mashine protoni nazo husukumwa zigeuke, lakini kwa kuwa zina mzunguko wake hazitulii: huyumba kuuzunguka mwelekeo wa uga. Mashine nyingi zina uga wa tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku), zaidi ya mara 40,000 ya uga wa dunia tunaoupata hapa Zanzibar, na kwa nguvu hiyo protoni huyumba takriban mara milioni 64 kwa sekunde.

Kisha mashine hupeleka wimbi la redio linalotikisika mara hizo hizo kwa sekunde, na protoni zikainamishwa, zikayumba kwa pamoja. Wimbi likikatwa, kuyumba kwao kunabadilisha uga sumaku ndani ya koili (waya uliozungushwa) iliyo karibu na mwili wako, na palipo na uga sumaku unaobadilika huzaliwa uga umeme. Umeme huo hafifu ndio unaopokewa na kompyuta na kugeuzwa picha. Protoni za mafuta, za ubongo na za uvimbe hurudi katika hali yake kwa muda tofauti, ndiyo maana kila kimoja huonekana kivyake. Wanafizikia Felix Bloch na Edward Purcell waliunasa umeme huu hafifu, tuuite mlio wa protoni, mwaka 1946. Paul Lauterbur akaonyesha mwaka 1973 namna ya kuugeuza picha.

Kwa nini inagonga kwa kelele, na mbona nilihisi mchonyoto mgongoni?

Ili kujua kila mlio umetoka sehemu gani ya mwili, kuna koili nyingine zinazowashwa na kuzimwa haraka haraka. Umeme ukipita katika waya ulio ndani ya uga mkubwa, waya husukumwa; koili zinatikisika, nawe unasikia kelele za kugonga. Mabadiliko hayo hayo huzaa uga umeme kidogo ndani ya mwili, na neva zikashtuka. Hakuna kilichoharibika. Likikusumbua, bonyeza kile kitufe ulichopewa mkononi.

Nivue nini?

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Karibu na mdomo wa mashine uga huongezeka ghafla kutoka hatua moja hadi nyingine, na hapo chuma hakigeuzwi tu, kinavutwa. Mtungi wa oksijeni unaweza kuruka kama risasi. Na sumaku haizimwi: hata umeme wa mji ukikatika inaendelea, kwani koili yake imepozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo umeme huzunguka ndani yake bila kizuizi.

Dhahabu haivutwi, lakini mawimbi ya redio huamsha umeme ndani yake na inaweza kupata moto ikakuunguza. Basi vua bangili, hereni, kipini na pini za mtandio. Futa wanja na vipodozi vya macho, maana baadhi vina oksidi ya chuma. Hina ya majani haina neno. Ukiwa na hirizi yenye kasha la madini, mpe ndugu unayemwamini akushikie.

Halafu yale yasiyoonekana. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuingiwa na kipande jichoni aseme, apigwe eksirei ya macho kwanza. Mwenye kifaa cha moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo au kifaa kilichopandikizwa sikioni aje na karatasi zake. Vingine vinakubalika, vingine vinaweza kuua. Kina mama wengi huona haya kutaja kitanzi. Tafadhali mtaje, na ukitaka omba uulizwe na mwanamke. Vingi havizuii kipimo.

Ile dawa ya mshipani ni ya nini?

Ina gadolini, madini yenye momenti kubwa ya sumaku, hivyo protoni zilizo jirani hurudi upesi na sehemu yenye ugonjwa ikang'aa. Mwenye maradhi ya figo au ujauzito aseme kabla ya kuchomwa.

Damu ina chuma. Sumaku haitaivuta? Na zile bangili za sumaku za kuteremsha presha?

Chuma cha damu hakiko kama cha msumari. Kimefungwa ndani ya hemoglobini. Damu yenye oksijeni husukumwa na sumaku kidogo mno, isiyo na oksijeni huvutwa kidogo mno, na hata ndani ya tesla 1.5 mzunguko wa damu yako unaendelea kama kawaida. Bangili ina sumaku dhaifu kuliko hiyo kwa mbali sana, na hakuna ushahidi kwamba inateremsha presha. Usiache vidonge vyako kwa ajili yake.