Kifaa cha betri shingoni hakimtoshi msemaji wa Kikantoni

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa saratani aliyeondolewa zoloto, yaani kiungo cha sauti kooni, akishapewa kile kifaa cha betri kinachobanwa shingoni, shida ya kusema imekwisha. Kwa Kiswahili kinasaidia kweli: sauti hukwaruza kama redio mbovu, lakini maneno yanashikika. Hong Kong mambo ni mengine. Kikantoni, Kichina cha huko, kina toni 6. Silabi moja tu, "si", huwa shairi, historia, jaribio, wakati, soko au jambo, kutegemea sauti inavyopanda, kushuka au kutulia. Kifaa cha kawaida hutetema kwa kiwango kimoja, basi msikilizaji anabaki kubahatisha.

Lipo bomba la hewa, la kizamani kidogo ila mimi naona linadharauliwa bure. Ncha moja hufunika tundu la shingoni ambalo mgonjwa hupumulia baada ya upasuaji, nyingine huingia mdomoni, na katikati utando wa mpira hutetemeshwa na pumzi ya mapafu. Akikaza pumzi, sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Toni zinarudi, bila betri. Kero yake ni mate kuingia bombani, na mkono mmoja kushikilia bomba muda wote wa mazungumzo.